Ukiona Vyaelea: Rangi, Manyoya na Majina Katika Kawangware 56

Katika semina na makongamano yetu, suala la uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi na ufundi halikosi kuzuka. Wapo wanaodai kwamba lugha hii ni hodari katika ushairi na siasa lakini hubabaika inapofikishwa maabarani. Wapo wanaojibu kwamba istilahi zipo tele ila hazitumiki. Mjadala huu ni mkongwe, nami sina nia ya kuufufua kwa nadharia mpya. Ningependa tu kuupeleka mahali ambapo ni nadra kufika, yaani Kawangware 56 jijini Nairobi, ambapo wanawake watano walilazimika kuamua rangi ya unyoya wa jogoo, na kwa kufanya hivyo wakajikuta katika kazi ambayo sisi wanafunzi wa isimu huiita uundaji wa istilahi.

Kawangware iko magharibi mwa Nairobi, jirani na mtaa wa Lavington wenye nyua pana na miti mirefu. Wakazi wa huko hawatosheki kusema Kawangware. Husema Arubaini na Sita au Hamsini na Sita, kwa kufuata nambari za matatu zinazofika kila upande. Mtu akiulizwa anakoishi, hujibu, "Hamsini na Sita," na hakuna anayemwuliza hamsini na sita ya nini. Nambari iliyobandikwa kwenye kioo cha gari imegeuka kuwa jina la mahali. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linadhihirisha tabia ya lugha miongoni mwa watu wenye shughuli: haisubiri kamati ikae.

Shangazi yangu, aliyenipokea nilipokuja Nairobi kuanza masomo ya chuo kikuu, anaishi Hamsini na Sita, na kazi yake ni kufunga nzi. Msomaji asishangae. Nzi ninaowazungumzia si wale wanaotua juu ya chakula. Ni chambo bandia kinachotengenezwa kwa kuizungushia ndoana ndogo manyoya, nywele za wanyama na nyuzi, hadi ifanane na mdudu wa majini au kisamaki kichanga. Mvuvi wa mtoni hukirusha chambo hicho kwa ufito mrefu na mshipi, naye samaki aina ya trauti, akidhani ameona mlo, hukiuma.

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wa kwanza waliletwa mwaka 1905 kutoka Uskoti kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Walowezi walitaka mchezo wa kuvua kama wa kwao, na mchezo huo haukamiliki bila nzi. Hivyo ufundi wa kufunga nzi uliingia nchini katika enzi ya ukoloni, na mikono iliyoufanya ikawa ya Waafrika. Ukoloni ulipokwisha, ufundi ulibaki. Hadi leo nzi wanaofungwa Kenya husafirishwa hadi Uingereza, Ulaya bara na Marekani. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake hapa nchini. Nje ya viwanda wapo mafundi wanaofanya kazi majumbani kwa oda za mawakala. Shangazi ni mmoja wao.

Chombo chake kikuu ni jiliwa dogo lililobanwa kwenye ukingo wa meza, ambalo huishika ndoana imara mikono yote miwili ipate nafasi. Kando yake kuna mkasi mwembamba, nta, kichupa cha vanishi, na mifuko ya manyoya iliyopangwa kwa rangi. Nzi huhesabiwa kwa dazeni na hulipwa kwa dazeni. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na sijui methali ambayo imepata mahali pake halisi kuliko hii, kwa maana wapo nzi wanaofungwa ili waelee juu ya maji na wapo wanaofungwa ili wazame. Mvuvi aliye kando ya mto huko ng'ambo humwona nzi anaelea, aliyemuunda hamwoni.

Nilipoanza kukaa naye nilidhani ugumu wa kazi hii umo katika vidole. Baadaye nikafahamu kwamba vidole hufundishika. Kinachosumbua ni rangi. Manyoya bora ya shingo ya jogoo hutoka ng'ambo, kwa wafugaji wanaozalisha kuku mahususi kwa ajili ya manyoya. Yakija yamekwisha kutiwa rangi, bei hupanda. Yakija meupe, hupungua. Kwa hiyo fundi anayeweza kutia rangi mwenyewe hubaki na kitu mkononi baada ya kulipa madeni yake, na asiyeweza humfungia mwingine faida. Ndiyo sababu shangazi, jirani yake mzee ambaye sote tulimwita Shosho, na wanawake wengine watatu wa ploti hiyo walianza kununua manyoya meupe kwa pamoja na kuyatia rangi wenyewe.

Kutia rangi unyoya ni sayansi kamili, hata kama jiko ni la makaa na chombo ni sufuria iliyotoboka mpini. Unyoya, kama nywele na kucha, umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Rangi zinazoushika vizuri ni zile ziitwazo rangi za asidi. Siki ikitiwa majini, keratini hupata chaji chanya, nazo chembe za rangi zenye chaji hasi huvutwa na kung'ang'ania. Shangazi hakufundishwa maneno haya, lakini alijua kwamba bila siki rangi hutoka pamoja na maji ya kusuuza. Alijua pia jambo ambalo lilinishangaza: kwamba rangi za chakula zinazouzwa madukani kwa ajili ya keki zinaweza kutumika. Naam, nyingi kati ya hizo ni rangi za asidi. Ile ya manjano iitwayo tatrazini, inayoandikwa E102 kwenye vifurushi vya vyakula, ndiyo hiyo hiyo ambayo watia rangi wa nguo huijua kama rangi ya asidi ya manjano nambari 23.

Hatua zenyewe zina utaratibu wake. Kwanza manyoya huoshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke, kwa kuwa penye mafuta rangi haipiti. Kisha hulowekwa katika maji matupu hadi yalowe sawasawa. Maji ya rangi hupashwa moto bila kuachwa yachemke, kwani yakitokota unyoya hujikunja na kupoteza ukakamavu wake. Siki hutiwa baadaye, kidogo kidogo, ili rangi isishike kwa pupa na kuacha mabaka. Mwisho manyoya husuuzwa hadi maji yatoke safi, na hilo si jambo dogo mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Fauka ya hayo, unyoya uliolowa hudanganya. Huonekana umekolea kuliko utakavyokuwa ukikauka. Shangazi hutoa unyoya mmoja kutoka sufuriani, huukausha kwa kitambaa na kuupeperusha hewani, ndipo aamue kama yaliyobaki yatoke au yaendelee.

Tatizo la rangi na mahali inapokaa halimhusu mfunga nzi peke yake. Marekani na kwingineko wapo wavuvi wanaojitengenezea chambo cha plastiki laini majumbani mwao kwa kupasha moto plastiki ya majimaji hadi kiasi cha nyuzi 170 na zaidi, kisha kuimimina katika kalibu. Wakitumia rangi inayoyeyuka, plastiki hubaki angavu, lakini rangi huweza kuhama kutoka chambo kimoja hadi kingine vikihifadhiwa pamoja. Wakitumia unga wa rangi usioyeyuka, rangi hutulia mahali pake, ila huziba mwanga na hutuama chini ya chombo isipokorogwa. Anayemimina plastiki na anayechovya manyoya wana maswali mamoja: nichague rangi gani, na je, itakaa?

Swali la kwanza lina mahakimu wengi. Hakimu wa kwanza ni samaki. Wengi hudhani samaki haoni rangi, lakini macho ya trauti yana seli za kupokea rangi kama yalivyo macho yetu. Tofauti iko katika mahali anapoangalia. Maji humeza mwanga, na mwanga mwekundu ndio humezwa mapema zaidi, hivi kwamba chambo chekundu kikizama kina kirefu huonekana cheusi au cha kijivu. Mtoni, ambako maji si ya kina, wekundu haupotei hivyo. Lakini nzi anayeelea huonwa kutoka chini dhidi ya mwanga wa anga, na umbo lake huhesabika pengine kuliko rangi. Nzi anayezama ndiye anayepimwa kwa rangi.

Kwamba rangi ni jambo zito kwa samaki tunalo thibitisho kutoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu samaki wa Ziwa Viktoria ambao wavuvi wa Tanzania huwaita furu. Madume wa furu wana rangi nyingi, na majike huchagua wenza wao kwa rangi hizo. Pale ambapo maji yamechafuka na mwanga umefifia, majike hushindwa kupambanua, spishi huchanganyika, na wingi wa spishi hupungua. Rangi isipoonekana, koo nzima hupotea. Nilipomsomea shangazi habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Basi hata samaki wanajua hasara ya kuchanganya rangi."

Hakimu wa pili ni mwanga wa chumbani. Shangazi ana sharti asilolivunja: haamui rangi baada ya jua kutua. Manyoya mawili yanaweza kufanana kabisa chini ya balbu, na asubuhi yakatofautiana kama chungwa na limau. Sababu ni kwamba kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga, na rangi mbili zilizopikwa kwa viungo tofauti huweza kukutana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Kwa hiyo usiku hufunga, mchana hupika. Kwa mtu ambaye mchana pia anatafuta maji, makaa na karo, sharti hilo lina gharama, lakini hajawahi kuliona kuwa la hiari.

Hakimu wa tatu ni mnunuzi, na huyu ndiye mkali kuliko wote. Samaki humuuma nzi au humwacha. Mnunuzi hurudisha dazeni nzima. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, wakala mmoja alileta oda kubwa ya nzi wa kuzama. Sampuli alibaki nayo mwenyewe. Kilichofika Hamsini na Sita ni karatasi yenye majina ya rangi kwa Kiingereza, na jina kuu lilikuwa la tunda la mzeituni, ambalo wanawake walilitamka "olivu". Wale watano waligawana oda, kila mmoja akapika rangi nyumbani kwake kadiri alivyolielewa neno hilo. Kwa mmoja, olivu ilikuwa kijani cha jani la muhindi. Kwa mwingine ilikuwa rangi ya kinyesi cha ng'ombe aliyelishwa majani mabichi. Kwa wa tatu ilikuwa karibu na kahawia. Dazeni zilipokusanywa, mezani kulikuwa na kijani tano. Wakala akachukua za mmoja, akawaachia wanne mzigo wao.

Hasara hiyo haikuwa ya kinadharia. Kila mmoja wao alikuwa amenunua manyoya, makaa na maji, tena alikuwa amekesha. Kodi ya nyumba huko hulipwa mwanzoni mwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei manyoya ya kijani. Shosho alichukua dazeni zake, akazifunga katika gazeti, akaziweka juu ya kabati bila kusema neno. Siku mbili baadaye waliitana chumbani kwa shangazi. Nami niliitwa.

"Wewe si ndiye unayesomea Kiswahili?" shangazi aliniuliza. "Basi tupe jina la rangi hii, tusipotee tena."

"Shangazi, kamusini iko zeituni," nikamjibu.

"Na ni nani kati yetu ameona zeituni?"

Hakuna aliyeinua mkono. Jambo la ajabu ni kwamba mzeituni mwitu humea katika nyanda za juu za Kenya. Wakikuyu huuita mutamaiyu. Shosho aliufahamu mti huo tangu utotoni. Lakini alieleza kwamba tunda lake dogo likiiva huwa jeusi, na hakuna aliyewahi kulitumia kupimia kijani. Neno zeituni lilikuwa sahihi katika kamusi na tupu katika chumba kile. Halikumwonyesha yeyote kitu anachoweza kukishika akasema, "Ni hii."

Ndipo ulipoanza mjadala ambao sijausikia mfano wake katika ukumbi wa mihadhara. Shosho alisema kwamba rangi iliyotakiwa, kwa kuangalia dazeni zilizokubaliwa, ni rangi ya sukuma iliyolala, yaani sukuma wiki iliyopikwa ikabaki hadi kesho yake. Wote wakacheka, maana ilikuwa kweli. Lakini mmoja akapinga. "Shosho, sukuma ya nani? Kuna anayeipika ikatoka bado mbichi, na kuna anayeichemsha mpaka inasahau kwamba ilikuwa mboga." Pingamizi lilikuwa na uzito. Jina lilikuwa zuri na kila mtu alilielewa, lakini kitu chenyewe kilibadilika kutoka sufuria moja hadi nyingine. Wakajaribu majani ya mwarobaini, yakakataliwa kwa kuwa hukauka na kugeuka. Mwishowe yule aliyepinga sukuma akasema, "Ndengu."

Kukawa kimya kidogo. Ndengu kavu haigeuki upesi. Haioti kama haijalowa, hainyauki, na hupatikana kila kioski, msimu wa mvua na wa kiangazi. Rangi yake ina kijani na ukahawia ndani yake. Mtu alitumwa kununua nusu kilo, zikamwagwa juu ya karatasi nyeupe mlangoni penye jua, unyoya wa nzi aliyekubaliwa ukawekwa katikati yake. Haukufanana nazo kabisa, lakini tofauti yenyewe iliweza kusemeka: ndengu, iliyoongezewa kahawia kidogo. Kila mmoja akachota ukufi mmoja wa ndengu kutoka mfuko ule ule, akautia katika chupa, akaenda nayo kwake. Kuanzia siku hiyo nyumba tano zilikuwa na kijani kimoja cha kurejelea.

Jioni zilizofuata walipita rangi moja baada ya nyingine. Ile ambayo karatasi iliita "klareti", kwa jina la mvinyo, ikawa damu ya mzee, jina ambalo Kiswahili kilikuwa nalo zamani. Ile ya kahawia nyekundu inayong'aa ikawa chai ya rangi, na hapo wakakubaliana idadi ya majani na dakika za kuchemka. Ile ya dhahabu iliyofifia ikawa ganda la kitunguu, nayo hupikwa kwa maganda yenyewe ya vitunguu, hivi kwamba jina lilikuwa pia maagizo ya upishi. Mimi nilikuwa mwandishi. Juu ya kadibodi nilibandika unyoya mmoja wa kila rangi, uliokaushwa juani, na chini yake nikaandika jina na kipimo. Kwa ndengu niliandika: manjano sehemu nne, buluu sehemu moja, nyekundu kidogo mno ya kuuzima ukali wa kijani, siki baada ya rangi, usiache yachemke.

Nikiwa na kadibodi hiyo begani nilirudi chuoni na kuanza kuyasoma upya mambo niliyodhani nimekwisha kuyaelewa. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema unyoya mweupe, manyoya meusi, ndoana nyekundu. Nyingine zote tunazifikia kwa daraja la kihusishi: manyoya ya kijani, ya manjano, ya zambarau. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu mashuhuri kilichodai kwamba lugha za ulimwengu hupata maneno ya msingi ya rangi kwa mpangilio, nyeupe na nyeusi kwanza, kisha nyekundu, kisha nyingine. Kiswahili ni mojawapo ya lugha walizozichunguza. Dai lao limekosolewa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini vivumishi vyetu vitatu vimekaa pale pale, kana kwamba viliwahi mapema vikapata viti vya mbele.

Waliochelewa kupata viti si wanyonge. Kijani kimetoka kwa jani, manjano kwa kiungo cha jikoni, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda. Waswahili wa pwani walipohitaji rangi mpya walifanya walichofanya wanawake wa Hamsini na Sita: walitazama jikoni, shambani na sokoni. Hali kadhalika, ufundi wa kutia rangi si mgeni kwa lugha hii. Mizizi ya mdaa ilitumiwa kutia weusi ukindu wa mikeka, na gome la mkasiri likatumiwa kutia rangi zana za wavuvi. Rangi, uvuvi na Kiswahili vimejuana kwa muda mrefu kabla ya trauti wa kwanza kutiwa katika mto Gura.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likawavutia walimu wetu. Katika utafiti wao, Berlin na Kay hawakutegemea maneno matupu. Waliwaonyesha watu vipande 329 vya rangi vya mfumo wa Munsell, ili kila mmoja aonyeshe kwa kidole mahali neno lake linapoanza na linapokoma. Chupa ya ndengu ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Iliunganisha neno na kitu kisichobadilika, na ikawapa watu watano jambo moja la kunyoshea kidole. Tofauti ni kwamba ndengu, kazi ikiisha, huweza kupikwa ikaliwa.

Nilipoieleza habari hii katika kikao kimoja cha chama chetu, mwenzangu alipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema kwamba majina kama hayo ni ya mtaa, hayana usanifu, na kwamba fundi wa Mwanza au Tanga hatayaelewa. Aliongeza kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na lugha rasmi haiwezi kujengwa juu ya sukuma iliyolala. Nakubaliana naye kwamba usanifishaji una kazi yake. Bila huo, kila ploti itakuwa na kamusi yake. Lakini ndengu hailiwi Kawangware peke yake. Tena, kilichoiondoa sukuma hakikuwa ladha ya lugha. Kilikuwa kigezo, nacho ni uthabiti wa kirejelewa. Hicho ni kigezo ambacho mwanaistilahi yeyote angekiunga mkono. Wanawake wale hawakukitaja kwa jina, walikitumia. Zeituni lilikuwa neno sanifu, na usanifu wake haukuokoa hata dazeni moja.

Wakala aliporudi na oda nyingine, shangazi alimpokea mlangoni akiwa na kadibodi. Alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, kabla hujatusomea karatasi, tuonyeshe kwa kidole." Yule kijana alitazama manyoya yaliyobandikwa, akaenda moja kwa moja kwenye ndengu, akasema, "Hii, lakini iwe na weusi kidogo." Shangazi akamwomba aache sampuli moja. Akaiacha. Oda hiyo ilipokelewa yote.

Nisije nikatia chumvi. Majina hayakupandisha bei ya dazeni. Wakala ndiye anayepanga bei hadi leo, na aliye ng'ambo ndiye anayempangia wakala. Zile dazeni nne zilizokataliwa hazikulipwa kamwe. Lakini kuna jambo lililobadilika. Zamani kosa la rangi lilipotokea, lawama iliwaangukia waliofunga, kwa sababu neno lilikuwa la mwenye karatasi na wao hawakuwa na neno la kulijibu. Sasa wana kitu cha kuweka mezani. Wafungaji wengine wa mtaa huo huleta manyoya meupe kwa shangazi wakitaka ndengu au damu ya mzee, na humlipa kwa kazi ya sufuria. Anayeijua rangi kwa jina lake huweza kuiuza. Anayeijua kwa jina la mwingine huweza tu kuipokea.

Kwa hiyo nina pendekezo dogo kwa wenzangu. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya istilahi za kompyuta, za benki na za sheria, aghalabu kwa kulinganisha kamusi moja na nyingine. Ni kazi njema. Lakini katika mitaa inayotuzunguka wapo mafundi wa viatu, wa vyuma, wa nywele na wa manyoya ambao kila siku huamua jambo liitweje, tena kwa gharama zao wenyewe. Twende tukawasikilize. Tusiende na hojaji peke yake. Tuchukue na sampuli, ili kila neno tunaloliandika liambatane na kitu chake. Na tunapowaletea neno kutoka kamusini, tuwe tayari kuulizwa swali ambalo shangazi aliniuliza: ni nani kati yetu amekiona kitu hicho?

Kadibodi ya kwanza imechakaa. Vanishi imeimwagikia upande mmoja, na manyoya kadhaa yamefifia kwa jua, jambo ambalo shangazi alilitabiri. Amekwisha kuniagiza nimwandikie nyingine, kwa herufi kubwa zaidi, kwa sababu macho ya Shosho hayaoni vizuri tena. Safari hii wameongeza rangi mbili. Moja wanaiita majivu ya makaa. Ya pili bado haijapata jina, na chupa yake iko tupu dirishani, ikisubiri wakubaliane.